Vyuo viwili, shahada moja ya biashara, na siku 18 za kujibu

Shikamooni washauri,

Nina umri wa miaka 19. Nimedahiliwa na vyuo vikuu viwili kusoma shahada ya kwanza ya biashara, nina siku 18 za kuthibitisha nafasi moja, na nyumbani hatujaelewana.

Chuo cha kwanza, nikiite Chuo Kikubwa, kinajulikana kila mahali na kwenye orodha za dunia kiko juu. Kipo katika jiji kubwa, na shahada yake ni ya miaka 3. Wamenipa ufadhili wa asilimia 40 ya ada. Barua inasema ufadhili "utaendelea kwa kuzingatia maendeleo ya mwanafunzi", na chini, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba GPA, yaani wastani wa alama, isishuke chini ya 3.5 kati ya 4. Kila mwaka wanadahili zaidi ya wanafunzi 400 wa biashara, na mchepuo unachaguliwa mwisho wa mwaka wa kwanza.

Chuo cha pili, nikiite Chuo Kidogo, shahada yake ni ya miaka 4, na mwaka wa tatu mzima mwanafunzi yuko kazini. Ada ya mwaka ni kama asilimia 70 ya ada ya Chuo Kikubwa, na mwaka wa kazini wanatoza sehemu ya tano tu ya ada yao. Ufadhili hakuna. Tangazo lao linasema asilimia 94 ya wahitimu "wako kazini au wanaendelea na masomo ndani ya miezi 6". Wameandika pia kwamba ni wanachama wa AACSB, lakini sijui maana yake. Jina la chuo hiki watu wengi hawalifahamu.

Baba anataka Chuo Kikubwa, anasema jina ndilo linalofungua mlango. Mama anaogopa gharama za maisha jijini. Mimi napenda uhasibu na fedha, ingawa masoko nayo yananivutia. Hisabati ninaiweza, ila si bingwa. Sitaki kumvunjia baba heshima, wala sitaki kuamua kwa jina peke yake. Nianzie wapi?

Mwenye Barua Mbili

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Barua mbili za udahili ni neema, hata kama kwa sasa zinakunyima usingizi.

Umetuletea vyuo viwili, lakini kinachopaswa kulinganishwa ni programu mbili za masomo. Jina la chuo limebeba mambo mengi: kitivo cha tiba, maabara za fizikia, maprofesa ambao hutakutana nao hata siku moja. Wewe utasoma kozi zisizozidi 40 hivi, nyingi kati ya hizo katika idara tatu au nne. Kwa siku 18 unaweza kabisa kuzipitia kozi hizo kwenye karatasi kabla hujaziona darasani, na tofauti ya kweli kati ya barua zako mbili imo humo.

Hata hivyo usimpuuze baba. Jina lina kazi yake, na mahali linapofanya kazi panajulikana. Kampuni kubwa za ushauri wa biashara na benki za uwekezaji huwa na vyuo vichache wanavyovitembelea kila mwaka kutafuta vijana, na mwombaji wa nje ya vyuo hivyo hupita njia ndefu zaidi. Kama huko ndiko unakotaka kwenda, iulize ofisi ya ajira ya Chuo Kikubwa: mwaka uliopita ni kampuni zipi zilizokuja kusaili wanafunzi wa shahada ya kwanza ya biashara? Sisitiza shahada ya kwanza, maana waajiri wengi wanaotajwa kwa fahari katika vipeperushi wamekuja kwa ajili ya wanafunzi wa MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara. Wakikutajia majina, hoja ya baba ina uzito. Wakizunguka, umejua. Katika uhasibu nguvu ya jina hupungua mapema, kwa sababu mitihani ya bodi za taaluma ni ile ile kwa kila mtu, na mwajiri huangalia umebakiza karatasi ngapi.

Kuhusu orodha za dunia, tazama kwanza zinapima nini. Katika orodha kuu ya QS, moja ya orodha za vyuo zinazotajwa sana duniani, kigezo chenye uzito mkubwa kuliko vyote ni sifa ya chuo machoni pa wanataaluma wenzao, asilimia 30 ya alama zote, na sehemu nyingine kubwa inahusu utafiti unaonukuliwa. Orodha maarufu za gazeti la Financial Times zinahusu zaidi MBA na shahada nyingine za uzamili. Hakuna hapo anayepima kama mhadhiri wa Takwimu wa mwaka wa kwanza anarudisha majaribio kwa wakati. Chuo kinaweza kuwa juu kwa haki kabisa, na bado darasa lako la kwanza likafundishwa na msaidizi anayebadilishwa kila muhula.

Sasa ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora, maana hapa kuna mtego uliokukaribia. AACSB ni taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1916, na ithibati yake ni miongoni mwa zinazoheshimiwa zaidi katika elimu ya biashara. Lakini kuwa mwanachama wa AACSB si sawa na kuwa na ithibati ya AACSB. Uanachama unaombwa na kulipiwa. Ithibati inapatikana baada ya miaka kadhaa ya kukaguliwa: sifa za walimu, mtaala, namna chuo kinavyopima kama wanafunzi wamejifunza kweli. Orodha ya vyuo vyenye ithibati ipo wazi kwenye tovuti ya AACSB, na dakika 5 zinatosha kuangalia. Ukikuta Chuo Kidogo ni mwanachama tu, hilo si kosa lao, ila lisikuongezee alama yoyote kwao. EQUIS, inayotolewa na EFMD, taasisi ya Ulaya ya elimu ya menejimenti, tangu mwaka 1997, nayo ni ithibati ya chuo cha biashara kizima, na hutolewa kwa miaka 3 au 5, basi tazama tarehe ya mwisho. Ukiona Chuo Kikubwa kinajivunia "taji tatu", yaani AACSB, EQUIS na AMBA, kumbuka kwamba AMBA inakagua shahada za juu kama MBA. Kwa shahada yako ya kwanza haikuambii kitu.

Kabla ya hizo zote kuna ithibati ya lazima: chuo kitambuliwe na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kilipo, na programu yako hasa itambuliwe, kwa jina lile lile lililo kwenye barua yako ya udahili na kwa tawi lile lile utakalosomea. Angalia kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya chuo. Yapo matawi mapya na programu mpya ambazo bado zinasubiri kibali ilhali chuo mama kina kibali cha miaka mingi.

Kwa kuwa unapenda uhasibu, kuna ukaguzi mwingine. Bodi za taaluma husamehe baadhi ya mitihani kwa wahitimu wa programu zilizokubaliwa. ACCA, bodi ya wahasibu ya Uingereza inayotambulika kimataifa, katika mfumo wake wa mitihani 13, husamehe isiyozidi 9, na ngazi ya mwisho haisamehewi mtu. Lakini hawasamehi kwa kutazama jina la chuo. Wanatazama programu, mwaka wa kuhitimu, na mara nyingi kozi moja moja uliyofaulu. Ingia kwenye orodha ya ACCA, tafuta programu zako mbili, andika kila moja imesamehewa mitihani mingapi. Tofauti ya mitihani 9 na mitihani 3 ni mwaka mzima au zaidi wa kusoma usiku baada ya kazi. Ujue pia kwamba msamaha wenyewe una ada yake. Na kama unafikiria kuwa CPA, yaani mhasibu mwenye leseni, Marekani siku moja, majimbo mengi huko yamekuwa yakidai krediti 150 za masomo (krediti ni kipimo cha ukubwa wa kozi) wakati shahada ya kwanza huwa na 120, ingawa baadhi yameanza kufungua njia nyingine. Hapo urefu wa shahada unakuwa na maana.

Tukifika kwenye mtaala, chukua muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Tafuta mwongozo wa programu wa kila chuo. Tunamaanisha jedwali lenye msimbo wa kila kozi, krediti zake, muhula inapofundishwa na kozi tangulizi. Ukurasa wenye picha za wanafunzi wanaocheka bustanini hautakusaidia. Usipolipata jedwali kwenye tovuti, liombe, na chuo kisichoweza kukutumia jedwali hilo ndani ya wiki moja kimekupa habari tayari. Chapisha yote mawili, yaweke kando kwa kando. Usishtushwe na hesabu za krediti, kwa sababu kila mfumo una kipimo chake: mwaka mmoja wa Ulaya ni krediti 60, shahada ya miaka 3 ya Uingereza ni 360, na ya miaka 4 ya Marekani huwa 120. Linganisha kozi na saa za darasani.

Kwa kalamu ya rangi moja weka alama kwenye kozi za namba: hisabati ya biashara, takwimu, uchumi, uhasibu wa fedha, uhasibu wa menejimenti, fedha za kampuni, uchambuzi wa data. Kwa rangi nyingine weka alama kozi za mchepuo unaoutaka. Mchepuo wenye maana huwa na kozi 6 hadi 8, na angalau 3 kati ya hizo ni za mwaka wa mwisho. Ukikuta "mchepuo wa Fedha" wenye kozi 3, mbili kati yake zikiwa za hiari na "hutolewa kulingana na idadi ya wanafunzi", hicho ni kibandiko cha kupamba cheti. Usiikimbie rangi ya kwanza kwa sababu hisabati yako ni ya wastani. Masoko ya siku hizi nayo yanaishi kwa takwimu, na programu iliyopunguza namba ili iwe nyepesi itakuacha mlangoni pale mwajiri atakapokupa faili la Excel lenye safu 20,000 na kukuambia umletee jibu kabla ya jioni.

Kisha fuatilia mnyororo wa kozi tangulizi. Tuchukue mfano wa programu ya mihula 6. Hisabati ya Biashara iko muhula wa 1, Takwimu muhula wa 2, Fedha za Kampuni muhula wa 3, Uwekezaji muhula wa 4, Kuthaminisha Kampuni muhula wa 5. Kila moja inadai uwe umefaulu iliyotangulia. Umefeli Takwimu. Kama chuo hakina sapu, yaani mtihani wa marudio, na Takwimu inafundishwa mara moja kwa mwaka, utairudia muhula wa 4. Fedha za Kampuni utaisoma muhula wa 5. Uwekezaji utaifikia muhula wa 6, hapo tukijaalia ratiba inakubali. Kuthaminisha Kampuni inaangukia muhula wa 7, na programu haina muhula wa 7. Somo moja limekuongezea muda, kodi ya chumba na ada. Ndiyo maana tunakuambia uulize kila chuo maswali mawili: kozi hii ina mtihani wa sapu? Na inaweza kurudiwa wakati wa likizo ndefu? Programu ya miaka 3 imebana kuliko ya miaka 4, kwa hiyo swali hili ni la Chuo Kikubwa zaidi.

Lipo pia jambo la mchepuo kuchaguliwa mwisho wa mwaka wa kwanza. Kwako wewe ambaye bado unayumba kati ya fedha na masoko, hilo linaonekana zuri, na ni zuri kama milango yote itabaki wazi. Vyuo vingi hudahili kundi zima kwenye "biashara", halafu michepuo inayogombewa, hasa fedha na uhasibu, hujazwa kwa kufuata GPA. Uliza nafasi za Fedha ni ngapi kati ya hao 400 na ushee, na GPA ya mtu wa mwisho aliyechukuliwa mwaka jana ilikuwa ngapi. Jibu la "mwanafunzi yuko huru kuchagua" halitoshi. Taka namba.

Ukubwa wa madarasa nao una hesabu yake ya kuficha. Chuo kinaweza kukuambia kwa ukweli mtupu kwamba wastani wa darasa ni watu 55. Chukua mhadhara mmoja wa watu 400 na madarasa 10 ya watu 20. Jumla ni viti 600 katika madarasa 11, wastani 55 kasoro kidogo. Lakini viti 400 kati ya hivyo 600 viko ndani ya ukumbi wa watu 400. Ukihesabu kwa jicho la mwanafunzi aliyekaa kwenye kiti, wastani wa darasa analojikuta ndani yake ni watu 273. Uliza hivi: mwaka wa kwanza, kozi ngapi zinafundishwa kwa watu zaidi ya 100, na kila mhadhara mkubwa una semina ya watu wangapi? Mhadhara wa watu 400 wenye semina ya watu 20 kila wiki si mbaya hata kidogo. Usio na semina, kwa mtu mwenye hisabati ya wastani, ni hatari.

Twende kwenye ile asilimia 94. Hatusemi ni uongo. Tunasema haijakuambia chochote bado. Tuseme, kwa mfano, wahitimu walikuwa 400. Waliojibu dodoso ni 160. Kati yao 150 wamesema wako kazini au masomoni, na 150 kwa 160 ndiyo hiyo asilimia 94. Ukiwafungua hao 150 unaweza kukuta 60 wanaendelea na shahada ya pili, wengine kwa sababu kazi haikupatikana, 35 wana vibarua vya saa chache, na 55 wana kazi ya kudumu. Sasa una watu 55 wenye kazi unaowajua kati ya wahitimu 400. Inawezekana pia ukikifungua Chuo Kidogo ukakuta waliojibu ni 9 kati ya 10 na kazi zao ni nzuri. Hutajua mpaka uulize: wahitimu wangapi, waliojibu wangapi, wenye kazi ya muda wote wangapi, na wangapi kazi zao zinahitaji shahada. Chuo Kikubwa nacho kiulizwe hayo hayo, jina lisikiokoe.

Ukaguzi wako mwenyewe ni huu: kwenye LinkedIn, fungua ukurasa wa kila chuo, sehemu ya wahitimu, chuja kwa programu yako na mwaka mmoja, tuseme waliomaliza miaka 3 iliyopita. Chukua 20 wa kwanza bila kuchagua na uandike kila mmoja anafanya nini. Wasio na kazi hawajitangazi sana huko, kwa hiyo picha itakuwa ya kupendeza kuliko ukweli, lakini kwa kuwa upendeleo huo uko pande zote mbili, kulinganisha bado kunafaa.

Mwaka wa kazini wa Chuo Kidogo ndio mali yao kubwa, au ndio shimo lao. Kuna programu ambamo chuo kina mikataba na waajiri, mwanafunzi anasailiwa mapema mwaka wa pili, na akiwa kazini ana msimamizi kila upande na anapata krediti. Nyingine "mwaka wa kazini" maana yake ni barua ya utambulisho na maneno ya kheri. Waulize mwaka uliopita wanafunzi wangapi walistahili kwenda, wangapi walipata nafasi, wangapi walitafutiwa na chuo na wangapi walijitafutia, wangapi walilipwa. Na lile wengi wanalosahau: asiyepata nafasi anafanyiwa nini? Kama anaruka mwaka huo na kumaliza kwa miaka 3, sawa. Kama anakaa nyumbani huku ada inalipwa, hapana.

Tuhesabu pesa, kwa sababu mama naye ana hoja. Ita ada ya mwaka ya Chuo Kikubwa 100. Ya Chuo Kidogo ni 70, na mwaka wa kazini ni 14. Gharama za maisha hukuzitaja, kwa hiyo tunaweka za mfano: 60 kwa mwaka jijini, 40 kwenye chuo cha pili. Weka za kwenu.

Chuo Kikubwa, ufadhili ukidumu miaka yote: ada 60 mara 3 ni 180, maisha 180, jumla 360. Ufadhili ukipotea baada ya mwaka wa kwanza: ada 60 na 100 na 100 ni 260, jumla 440. Chuo Kidogo: ada 70 mara 3 na 14 ni 224, maisha miaka 4 ni 160, jumla 384. Kama mwaka wa kazini mwanafunzi analipwa kiasi cha kujikimu tu, toa 40, inabaki 344. Umeona ilivyo: chuo kilichoonekana nafuu kwa sababu ya ufadhili ndicho kinachoweza kuwa ghali zaidi, na kinachoamua ni ile herufi ndogo ya 3.5. Uliza pia ada hupanda kwa kiasi gani kila mwaka, na kama ufadhili ni asilimia ya ada au ni kiasi kisichobadilika. Ada ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, miaka 3 ya 100 inakuwa 315, si 300.

GPA ya 3.5 ni ngumu kiasi gani? Kwa kipimo cha kawaida ambapo B+ ni 3.3 na A- ni 3.7, unatakiwa kuishi katikati ya hizo mbili, tangu muhula wa kwanza, kwenye kozi ambazo mara nyingi ndizo za kuchuja. Ukiwa na kozi 10 zenye krediti sawa, 9 umepata wastani wa 3.5 na moja umepata C, yaani 2.0, wastani wako ni 3.35. Ufadhili umekwenda. Kuubakiza ulihitaji zile 9 ziwe karibu 3.67. Basi kiandikie chuo: GPA inapimwa kila muhula au kwa jumla ya mwaka? Kuna muhula wa onyo? Ufadhili ukipotea unaweza kurudishwa? Na katika waliopewa ufadhili huu miaka 3 iliyopita, wangapi bado wanao mwaka wa mwisho? Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko mengine yote uliyonayo.

Waandikie ofisi ya udahili na nakala kwa mratibu wa programu. Kwa mfano:

"Habari za kazi. Nimedahiliwa kwenye programu yenu ya shahada ya kwanza ya biashara, na ninatakiwa kuthibitisha nafasi ndani ya siku 18. Ili familia yangu iamue vizuri, naomba kufahamishwa yafuatayo kabla ya siku ya 12: (1) idadi ya waliopewa ufadhili huu miaka 3 iliyopita na wangapi bado wanao, (2) nafasi za mchepuo wa Fedha na GPA ya mwisho iliyochukuliwa, (3) kozi za mwaka wa kwanza zisizo na mtihani wa sapu. Natanguliza shukrani."

Badala ya "siku ya 12" weka tarehe kamili, na kwa Chuo Kidogo badili maswali yawe ya mwaka wa kazini na ya wahitimu. Usizidishe matatu kwa barua moja. Barua ya maswali 11 hujibiwa kwa kiungo cha tovuti, ya maswali 3 hujibiwa na mtu.

Siku 3 za kwanza chapisha na kupaka rangi mitaala, na ukague ithibati. Siku ya 4 barua ziwe zimeondoka. Wakati ukisubiri, omba kusikiliza mhadhara mmoja wa mwaka wa pili kila chuo, ana kwa ana au kwa intaneti. Usitazame ukumbi. Tazama mwanafunzi akiuliza swali anajibiwaje. Siku ya 12 majibu yasipofika, piga simu, na omba kwa maandishi kuongezewa wiki moja. Baadhi hukubali, na kuomba hakukupotezei nafasi.

Na baba? Mpe kazi inayomfaa. Mwambie, "Baba, wewe unawajua waajiri, naomba uniulizie watatu: wanapochuja maombi ya wahitimu wa biashara, wanaangalia nini kwanza?" Hujabishana naye, umemwomba ushahidi, na ataleta habari ambazo wewe huna namna ya kuzipata. Kisha keti na wazazi wote wawili, weka mezani jedwali la pesa na mitaala yenye rangi, na umwache baba asome mwenyewe kabla hujasema neno.

Hutaki tukuache njia panda, basi msimamo wetu ni huu. Kwa ulivyojieleza, hisabati ya wastani, hujakata shauri kati ya fedha na masoko, nyumbani pesa inahesabiwa, tunaegemea Chuo Kidogo, mradi programu inatambuliwa na mamlaka, ACCA inasamehe mitihani ya kutosha, na angalau wanafunzi 8 kati ya 10 wanapata nafasi za kazini. Likikosekana moja kati ya hayo, tunahamia Chuo Kikubwa. Na tungehamia huko pia kama wakikuonyesha kwamba wengi wa waliopewa ufadhili wanamaliza nao na nafasi za Fedha hazigombewi, au kama ndoto yako ni benki za uwekezaji na kampuni hizo zinafika pale.

Ukishaamua, soma masharti ya amana ya kuthibitisha nafasi kabla ya kuilipa, maana mara nyingi hairudishwi. Lipa kwa njia inayoacha risiti, hifadhi risiti pamoja na nakala ya barua ya ufadhili na ukurasa wa mtaala kama ulivyokuwa siku hiyo, kwa sababu kurasa hubadilishwa. Kisha kiandikie chuo kile kingine siku hiyo hiyo kwamba unaiachia nafasi. Kuna kijana mwenzako kwenye orodha ya kusubiri ambaye naye anahesabu siku.